Mchagua Jembe si Mkulima: Kamera Tuliyoitafuta Miaka Mitatu



Wapenzi wasomaji, kila uingiapo mwezi wa Shaabani na harusi zikawa nyingi kabla ya Ramadhani, hutujia akina mama na swali moja: "Sheikh, ile kamera yako ndogo ni ya aina gani, nasi tumnunulie binti yetu?" Kulijibu swali hili kwa jina la kamera ni jambo la dakika moja, na jina hilo tutalitaja. Lakini tukilitaja peke yake tutakuwa tumewapa nusu ya nasaha. Kamera hiyo tuliipata baada ya kujaribu nyingine tano, kwa muda wa miaka mitatu, na katika kuitafuta tulipoteza kitu kisichouzwa dukani. Kwa hivyo tumeona bora, kwa idhini ya mwenye nyumba atakayetajwa humu, tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

Kasha la shangazi

Shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba, akaa mtaa wa Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe ya kikwetu: kuta nene za matumbawe na chokaa, kiwanda kilicho wazi cha kuingizia mwanga na hewa, kisha misana, na mwisho kabisa chumba cha ndani ambamo mwanga wa jua hufika ukiwa umechoka. Katika chumba hicho limo kasha la mbao lenye misumari ya shaba. Ndani ya kasha mna khati za nikaha za vizazi vitatu, hati ya wakfu wa shamba la minazi, kasida za Maulidi, na daftari ambalo babu yetu aliandika humo uzazi wa kila mtoto wa nyumba ile, siku, mwezi na mwaka wa Hijria. Mna pia bunda lililofungwa kwa leso kuukuu. Hilo ni la tungo ambazo bibi zetu waliwatungia binti zao walipokuwa wakiolewa, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu.

Hewa ya bahari haina huruma na karatasi. Wino hukimbia, kingo huwa kahawia na kukatika kama majani makavu, na wadudu hawachagui baina ya kasida na risiti. Tulimwomba shangazi atukubalie kuzipiga picha karatasi hizo kabla hazijaisha. Alikubali, akatupa masharti manne. Kasha lisitoke nyumbani. Fleshi isimulikwe juu ya wino. Picha zisiingie katika simu ya mtu yeyote, kwa kuwa, alisema, "simu haina mlango". Na bunda la leso lisifunguliwe na mwanamume, hata akiwa sheikh.

Tulicheka kwa hilo la mwisho, kisha tukanyamaza, kwa kuwa haki ilikuwa yake. Mama kumwandikia bintiye ni ada kongwe katika pwani hii. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wake mashuhuri mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na umetufikia kwa sababu mikono ya watu iliunakili kabla karatasi ya kwanza haijaoza. Aliyeandikiwa ndiye mwenye kuamua nani asome.

Hukumu ya picha

Huenda msomaji akauliza kwanza kuhusu hukumu, na ni wajibu wake kuuliza. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika masala ya picha za kamera tangu chombo hiki kilipofika katika nchi za Kiislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kujuzisha, kwa hoja kuwa mwenye kamera haumbi umbo jipya. Azuia tu kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wapo wengine waliokataza ila kwa haja, na hoja zao ni za kuheshimiwa. Ama kupiga picha karatasi yenye maandishi, isiyo na kiumbe chenye roho, hatujui aliyeona ubaya ndani yake. Juu ya hayo, Qur'ani Tukufu, katika aya ndefu ya deni iliyomo Suratul Baqara, imetufunza kuandika yale ambayo watu watakuja kuyahitaji baadaye. Kuhifadhi kilichokwisha kuandikwa ni mwendelezo wa funzo hilo.

Kamera tano

Kamera ya kwanza ilikuwa ndogo ya mfukoni, tuliyoazima kwa jirani hapa Mji wa Kale, Mombasa. Tukasafiri nayo hadi Lamu, tukaketi na shangazi chumbani, tukapiga karatasi kumi na mbili, zikiwemo kurasa nne za daftari la uzazi. Tuliporudi nyumbani na kuzitazama kwenye kompyuta, tuliona haya. Picha zilikuwa na giza, chembechembe zimetapakaa kama mchanga, na nukta za herufi hazionekani. Aliyesoma chuoni ajua nukta ni nini: ndizo zinazoitenga ba na ta, na ta na tha. Herufi bila nukta ni kama mlango bila namba mtaani. Tukafunga kompyuta, tukasema, "Tutarudi na kamera ya kweli."

Ya pili ilikuwa simu yetu wenyewe. Picha zake zilikuwa safi ajabu, hata tukadhani safari imekwisha. Lakini sharti la tatu lilitukumbusha. Simu yetu ilikuwa ikipeleka kila picha yenyewe kwenye ghala la intaneti bila kutuuliza, na mwenzetu mmoja akitaka kuona kitu, kidole hukimbilia kundi la ukoo lenye watu zaidi ya tisini. Mambo hayo yaweza kuzimwa. Lakini tulikuwa tumempa mzee neno letu, na neno hilo halikuwa na "ila".

Ya tatu ilikuwa kamera kubwa ya kazi, tuliyoazima kwa mpiga picha wa harusi. Pamoja na lenzi yake ilikaribia kilo moja. Tulijifunza kwa kupiga vitabu vyetu mezani, na kila picha ilitoka na mtikisiko, kwa kuwa mkono uliopita miaka hamsini hauchukui uzito huo juu ya meza kwa muda mrefu. Miguu mitatu ya kuisimamishia isingepata nafasi baina ya kitanda cha shangazi na kasha lake. Isitoshe, kila ulipobonyeza ililia "chaka!", na tulipoijaribu katika darsa baina ya Magharibi na Isha, wanafunzi wote waligeuka kutazama, na ustadhi akapoteza mstari.

Ya nne ilikuwa ndogo ya mtindo mpya, usio na kioo ndani. Tuliinunua kwa fedha ambazo tungeona haya kuzitaja. Picha zake zilikuwa nzuri mno. Ila mwili ulikuwa mdogo na lenzi ndefu kama papai, kwa hivyo ilituinamia mbele kila tukiishika, na haikuwa na chombo ndani yake cha kutuliza mkono unaotetemeka. Tukaiuza kwa hasara.

Ya tano ilikuwa ndogo zaidi, ya kupendeza machoni kama kijaluba. Lakini vitufe vyake vilihitaji vidole vya mtoto, na skrini yake ilikuwa imeganda mgongoni. Ili kupiga karatasi iliyolala mezani ilitubidi tuinamie juu yake, na kila tukiinama, kivuli cha kofia yetu kilianguka juu ya bismillahi.

Baina ya kamera na kamera ilipita miezi: ya kuweka akiba, ya kumngoja msafiri wa Dubai, ya kutafuta mnunuzi. Na hapa yatupasa tukiri. Kazi ya kutafuta ilianza kuwa tamu kuliko kazi yenyewe. Tulikuwa tukikesha kusoma sifa za lenzi, hii na ile, ilhali kitabu cha darsa ya kesho kimelala kifudifudi. Mama watoto alituambia siku moja, akiwa na sinia la chai mkononi, "Baba, hiyo kamera waitafutia kasha, ama wajitafutia mwenyewe?" Tulimjibu jibu refu. Jibu refu mara nyingi ni la mtu asiye na jibu.

Kioo kilichoondolewa

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze hii "isiyo na kioo" ni nini, kwa kuwa wauzaji hulitaja jambo hili pasi na kulifafanua.

Kila kamera, tangu ya kwanza hadi ya leo, ni chumba cha giza chenye tundu. Elimu hii Waislamu wana fungu kubwa ndani yake. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake nyingi Kairo na kufariki karibu na mwaka 1040 Miladi, aliandika Kitab al-Manazir, na humo akathibitisha kuwa jicho laona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu ukaingia jichoni, si kwa miale inayotoka jichoni kama walivyodhani baadhi ya Wagiriki. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu lililoelekea mahali pa giza, akaonyesha kuwa mwanga wa kila taa hupita kwa njia yake bila kuchanganyika na wa mwenzake.

Katika kamera kubwa za jadi, nyuma ya lenzi kuna kioo kilicholazwa mshazari kwa nyuzi 45. Kioo hicho huupeleka mwanga juu, kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza, kioo huinuka, pazia hufunguka, mwanga huifikia sensa, kisha kioo hurudi mahali pake. Huo ndio mlio uliompotezea ustadhi mstari. Mwaka 2008 kampuni za Panasonic na Olympus zilitangaza utaratibu wa pamoja uitwao Micro Four Thirds, na mwaka huohuo Panasonic ikatoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya utaratibu huo. Kioo kiliondolewa kabisa. Mwanga hufika moja kwa moja kwenye sensa, na mpigaji huona picha kwenye skrini kama itakavyotoka. Kioo kilipoondoka, kamera ikawa nyembamba, na lenzi zikaweza kuwa ndogo.

Sensa ya utaratibu huu ni milimita 17.3 kwa 13, ilhali filamu ya zamani ya milimita 35 ilikuwa na picha ya milimita 36 kwa 24. Kwa eneo, ni kama robo yake. Wako watakaowaambia kuwa sensa ndogo ni kasoro. Katika giza ni kweli, kubwa ina nguvu zaidi. Lakini kamera ni kama chungu: yatazamwa kwa watu wa kupikiwa, si kwa ukubwa wake rafuni.

Iliyotukaa mkononi

Kamera yetu ya sita ni Panasonic Lumix GX80, iliyotoka mwaka 2016. Marekani iliuzwa kwa jina la GX85. Mpwa wetu afanyaye kazi Muscat alituletea ikiwa imetumika, kwa thamani ya kama mbuzi watatu wa akika, pamoja na lenzi yake. Ina uzito wa gramu 426 pamoja na betri na kadi. Ina megapikseli 16, idadi ambayo vijana huidharau, lakini yatosha kuonyesha nukta ya ba katika karatasi nzima ya daftari, na nafasi ikabaki.

Mambo manne yalitufanya tusitafute nyingine. La kwanza, sensa yake imewekwa juu ya chombo kinachotulia dhidi ya mtikisiko wa pande tano. Mkono ukitikisika, sensa husogea kuufidia, picha ikabaki mahali pake. Kwa mzee, hii ni fimbo ya kutembelea. La pili, skrini yake hukunjuka kutoka mgongoni, kwa hivyo twaweza kuishika mbele yetu, juu ya karatasi, bila kuinama na bila kivuli. La tatu, ina njia ya kupiga kimya kabisa, pasi na pazia kutikisika. La nne, haipeleki picha popote yenyewe. Ina Wi-Fi, lakini haisemi na simu mpaka uiamrishe; usipoiamrisha, kila ulichokipiga kimo katika kadi ndogo kama ukucha, na kadi hiyo waweza kumkabidhi mwenyewe mkononi mwake.

Lenzi tunayoitumia ni ya milimita 20, ya Panasonic pia, ambayo muundo wake wa kwanza ulitoka mwaka 2009. Kwa umbo si kubwa kuliko kitumbua. Tundu lake hufunguka hadi f/1.7, na maana yake ni kuwa hupitisha mwanga zaidi ya mara nne ya lenzi ya kawaida ya f/3.5 inayouzwa pamoja na kamera nyingi. Katika nyumba ya mawe, hilo ni jambo kubwa.

Nayo ina upungufu wake, na mshauri mwema hafichi. Haikuzibwa dhidi ya maji na chumvi, kwa hivyo katika hewa yetu yahitaji mfuko unaofungwa vyema wenye vijipakiti vya kunyonya unyevu. Betri yake hupiga kama picha 290 kwa kipimo cha watengenezaji, basi beba ya pili. Na ukipiga kwa njia ya kimya chini ya baadhi ya taa za umeme, mistari hutokea juu ya picha. Katika mwanga wa jua haitokei.

Tulichokikuta

Tulirudi Lamu tukiwa na kamera hiyo na binti yetu wa tatu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na mwenye mkono mtulivu kuliko wetu. Ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi miwili tangu safari ya kwanza. Shangazi alitupokea kwa kahawa na kaimati, akaulizia mama watoto, akaulizia wajukuu mmoja mmoja kwa majina, kisha akasema kwa sauti ileile, "Mchwa wameingia chini ya kasha. Mumechelewa kidogo, mwanangu."

Walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa ubao wa chini, wakala kuelekea juu. Khati za nikaha zilikuwa juu, zilisalimika. Hati ya wakfu iliguswa ukingoni. Bunda la leso shangazi alikuwa amelihamishia kwenye kidaka cha ukutani, kwa kuwa moyo wake ulimtuma. Daftari la uzazi la babu lilikuwa chini kabisa. Tulilifungua jalada, na ndani yake mlikuwa na udongo.

Hatukusema neno kwa muda. Kisha binti akauliza, kwa adabu, kama si sisi tuliowahi kuzipiga kurasa nne za daftari hilo kwa kamera ya jirani. Tulikuwa tumezisahau. Zile picha za giza, tulizozionea haya, zilikuwa zimebaki katika kompyuta kwa sababu ya uvivu tu wa kuzifuta. Leo hizo ndizo daftari zima lililobaki.

Kazi ilivyofanywa

Asubuhi yake, saa tatu, tulitandika shuka jeupe kiwandani, upande wa kivuli, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja lakini mwanga umejaa. Tukaweka karatasi moja moja, kando yake rula ili ukubwa wake ujulikane. Kila ukurasa tuliupiga mara mbili, na kila baada ya kurasa kumi binti aliikuza picha kwenye skrini, nasi tukaisoma kwa sauti kuhakikisha kuwa nukta zote zimo. Kwa siku mbili tulimaliza kurasa 186. Fleshi haikuwaka hata mara moja.

Siku ya tatu tulitolewa nje. Shangazi hakukubali bunda la leso lifunguliwe kiwandani, kwa kuwa wanaume wa nyumba hupita hapo. Akaingia na binti chumbani, mlango ukafungwa. Huko gizani ndiko kamera ilikolipa thamani yake: lenzi ile na kile chombo cha kutuliza mkono viliwawezesha kupiga kwa mwanga wa dirisha dogo peke yake, kimyakimya. Sisi tulikaa barazani tangu Adhuhuri hadi Alasiri. Tulisikia kicheko mara mbili, na mara moja tulisikia kilio. Walipotoka, kadi ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha mkononi mwa shangazi. Hatujui ni kurasa ngapi wala zasema nini. Binti naye hajatuambia, na hatujamuuliza.

Jambo moja limetukalia moyoni hadi leo. Kabla ya kuondoka Mombasa, jirani alikuwa ametupa tena ile kamera yake ya mfukoni, iwe ya akiba. Jioni ya siku ya pili, kwa udadisi tu, tuliitoa tukapiga nayo ukurasa mmoja pale kiwandani, katika mwanga uleule. Tukaukuza. Nukta zote zilikuwepo.

Mara ya kwanza, basi, hatia haikuwa ya kamera. Tulikuwa tumepiga gizani, na kiwanda kilikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa. Shangazi alisema kasha lisitoke nyumbani. Hakusema karatasi zisitoke chumbani. Lau tungerudi juma lililofuata na chombo kilekile, tukauliza swali moja zaidi, daftari la babu lingekuwa mikononi mwetu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Tulichagua jembe miaka mitatu, na shamba likaliwa.

Nasaha yetu

Kwa yule mama anayetaka kumnunulia binti yake: kamera tuliyoitaja ni nzuri, twaipenda, na hatutafuti nyingine. Kwa binti anayekusudia kupiga picha katika kesha na hafla za wanawake, kamera ndogo, ya kimya, isiyoungana na intaneti, ni stara kwake na kwa wenziwe. Na apatane na wenye harusi mapema, kwa maandishi, kuwa kadi ni amana yao. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na uso wa mwanamke aliyevua buibui kati ya wanawake wenziwe ni katika amana zilizo nzito. Mpiga picha mwaminifu katika mji wetu hatakosa riziki.

Lakini kwa yule ambaye nyumbani kwao kuna kasha, mkoba au bahasha ya karatasi za wazee, nasaha ni nyingine: anza Ijumaa hii, kwa chombo ulicho nacho. Peleka karatasi penye mwanga wa kivuli. Piga kila ukurasa mara mbili, ukuze, uusome. Ikiwa ni simu, na wenye karatasi wameridhia, zima kwanza ule upelekaji wa picha kwenye intaneti. Weka nakala katika diski mbili, zikae katika nyumba mbili tofauti. Karatasi zenyewe usizigandishe kwa plastiki ya joto wala kuzibandika kwa gundi ya utepe. Zinainuliwe kutoka sakafuni, zisigusane na ukuta, na kasha lifunguliwe na kukaguliwa kila mwezi. Na kabla ya yote, waulize wazee wako masharti yao, uyafuate, hata lile litakalokuchekesha.

Tumalizie na zile kurasa nne. Katika mmoja wao limo jina la shangazi. Mwezi wasomeka, ni Rajabu. Mwaka wasomeka, ni 1361. Siku, babu aliiandika kwa maneno, na hapo ndipo nukta zilipopotea. Aliyesoma chuoni ajua kuwa sab'a na tis'a, yaani saba na tisa, zikikosa nukta zake ni umbo moja lenye meno yaleyale. Tumeukuza ukurasa huo mara nyingi, na kila mara twaona saba, kisha twaona tisa.

Tulimwendea shangazi tukamwomba radhi kwa hilo. Aliitwaa picha, akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu khati ya baba yake. "Saba ama tisa," akasema, "aliandika. Hilo ndilo nililotaka kuliona." Kisha akaikunja, akaitia ndani ya leso.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na yaliyomo, awarehemu waliotuandikia, na asitujaalie kuwa wenye kuchelewa kwa kutafuta kilicho bora zaidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.